Kompyuta ya sinema ya nyumbani kwenye projekta ya CRT: masafa, kebo, fokasi na kulinganisha rangi

FundiSaketi · #1

Wakuu habari. Uzi huu ni wa wenye projekta za CRT (zinazotumia tyubu za picha kama televisheni za zamani), zile nzito zenye lenzi tatu usoni: nyekundu, kijani na bluu. Sony, Barco, Electrohome Marquee, NEC XG na ndugu zao. Wengi wakishachomeka kompyuta wanakimbilia 1080p, picha ikitoka imejikunja pembeni wanatangaza mashine imekufa. Haijafa. Mashine hii haina pikseli. Ina doa la mwanga linalochora mstari kutoka upande mmoja hadi wa pili, likifika mwisho linazima na kurudi kuanza mstari mwingine. Kazi ya kompyuta ni kulipatia doa hilo idadi ya mistari linayoimudu, kwa kasi linayoimudu, na muda wa kutosha wa kurudi.

Kabla ya kununua chochote, tafuta kitabu cha ufundi cha modeli yako utoe mambo matatu:

1. Masafa ya mlalo ya juu kabisa, kwa kHz.
2. Muda mfupi kabisa wa kurudi kwa doa, kwa mikrosekunde.
3. Ukubwa wa tyubu (inchi 7, 8 au 9), na kama fokasi yake ni ya umeme tuli au ya sumaku.

Masafa ya mlalo unayapata kwa kuzidisha jumla ya mistari na marudio kwa sekunde. Jumla ya mistari si ile inayoonekana tu. Kuna mistari mitupu ya juu na chini ambayo doa huitumia kupanda tena. Kwa hiyo 720p ya 60 Hz ni mistari 750 × 60 = 45 kHz. 1080p ya 60 Hz ni 1125 × 60 = 67.5 kHz. 1080i, inayochora nusu ya mistari kila mara, ni 33.75 kHz tu, ndiyo maana mashine za zamani huimeza bila shida ilhali 1080p inazishinda.

Ukubwa wa tyubu ndio unaoamua idadi ya mistari. Kwa kipimo cha kuanzia: inchi 7 ibaki 720, inchi 8 ya fokasi ya umeme tuli, 720 hadi 960, inchi 8 ya fokasi ya sumaku inaweza kubeba 1080 ikiwa imepangwa vizuri, inchi 9 ndiyo makazi halali ya 1080. Ukilazimisha 1080 kwenye inchi 7, doa ni nene kuliko nafasi ya mstari, mistari inapandana na picha inakuwa laini kuliko ya 720. Hapo unakuwa umeongeza kazi na kupunguza picha.

Jaribio lake ni rahisi. Weka picha yenye mistari ya mlalo ya pikseli moja, mweupe mmoja mweusi mmoja, halafu sogea hadi sentimita 30 kutoka kwenye skrini ukiwa umewasha kijani peke yake. Ukiona mistari imetengana na weusi katikati, umo ndani ya uwezo. Ukiona kijivu cha kijani kitupu, umezidisha. Rudi kitini: ukiona mianya kati ya mistari kutoka hapo, umepunguza mno.

---

mdau_wa_giza · #2

Mkuu FundiSaketi umeanza vizuri. Hilo la kujikunja lifafanue. Yangu upande wa kushoto kuna utepe wa kama sentimita 10 ambapo picha inajirudia kinyume, kama karatasi iliyokunjwa. 1080p 60 Hz, na kitabu kinasema mashine inafika zaidi ya 80 kHz. Sasa 67.5 inaishindaje?

---

FundiSaketi · #3

Haishindwi na kHz, inashindwa na muda wa kurudi. Masafa na muda wa kurudi ni vitu viwili tofauti, na wengi wanasoma kimoja tu.

Piga hesabu. 1080p ya kawaida ya televisheni ina pikseli 2200 kwa mstari, 1920 zinaonekana, 280 ni tupu. Saa ya pikseli, yaani kasi ya kutuma pikseli, ni 148.5 MHz. Gawa 280 kwa 148.5 unapata mikrosekunde 1.89. Huo ndio muda wote ambao doa limepewa kutoka mwisho wa mstari hadi mwanzo wa unaofuata. Mashine nyingi za CRT zinataka 3 na kuendelea. Picha inaanza kutumwa wakati doa bado liko njiani linarudi, kwa hiyo mwanzo wa picha unachorwa kinyume juu yake mwenyewe. Ndio huo utepe wako.

Kibaya zaidi ni vipimo vya nafasi tupu iliyobanwa, ambavyo draiva nyingi huvichagua zenyewe kwa sababu vilibuniwa kwa skrini bapa. Hivyo vina pikseli 160 tu tupu kwa saa ya 138.5 MHz, yaani mikrosekunde 1.16. Usivitumie kabisa kwenye CRT.

Tumia vipimo vya kawaida vya CVT (kanuni ya kupanga vipimo vya picha za monita). Kwa 1920×1080 ya 60 Hz:

`173.00 1920 2048 2248 2576 1080 1083 1088 1120 -hsync +vsync`

Namba ya kwanza ni saa ya pikseli kwa MHz. Nne zinazofuata ni za mlalo: zinazoonekana, sinki (mpigo unaoliambia doa lirudi) inapoanza, sinki inapoisha, jumla. Nne za mwisho ni hivyo hivyo kwa wima. Hapa nafasi tupu ni 2576 − 1920 = 656, gawa kwa 173, unapata mikrosekunde 3.79. Masafa ya mlalo ni 67.2 kHz, karibu sawa na mwanzo, ila doa limepata muda maradufu wa kurudi. Utepe unapotea.

---

mdau_wa_giza · #4

Utepe umepotea kweli. Shukrani mkuu. Ila sasa picha imehamia kulia kidogo.

---

FundiSaketi · #5

Isogeze kwa kitufe cha fezi kwenye projekta, siyo kwa kitufe cha kuhamisha rasta (eneo lote ambalo doa linachora). Fezi husogeza picha ndani ya rasta, rasta yenyewe inabaki katikati ya tyubu. Ukihamisha rasta unaisukuma ukingoni mwa kioo cha tyubu, fokasi ya upande huo inaharibika na fosfori (unga unaowaka ndani ya tyubu) inachakaa kwa upande mmoja.

---

DadaWaya · #6

Nami niongeze upande wa kadi na kebo, maana hapo ndipo pesa zinapotea.

Projekta inataka analogi: nyekundu, kijani, bluu, sinki ya mlalo, sinki ya wima, kila moja kwa kebo yake ya BNC (kiunganishi cha duara cha kusokota). Kebo tano. Zinatoka kwenye VGA ya kompyuta kwa kebo ya VGA kwenda BNC tano. Sharti ni:

Kebo ziwe za omu 75, aina ya RG-59 au bora zaidi, na zote tano ziwe na urefu uleule. Kebo nyembamba za VGA za kichorochoro zina mkondo wa rangi usiokingwa vizuri. Utaona kivuli hafifu upande wa kulia wa kila herufi nyeupe. Kivuli cha namna hiyo ni mwangwi wa mawimbi ndani ya kebo. Kinatoka kwenye omu zisizolingana, au kwenye swichi ya 75 ya nyuma ya projekta iliyozimwa, au kwenye kiunganishi cha T ambacho mtu aliweka ili kugawa picha kwenda monita nyingine. Toa T hiyo.

Kadi: Nvidia za familia ya GTX 900 ndizo za mwisho zenye DVI-I inayotoa analogi. GTX 10 na kuendelea zina DVI-D tu. Adapta ya bei rahisi ya DVI kwenda VGA haitaingia, kwa sababu pini nne za analogi hazipo. Ubao mama wa Intel wenye VGA kuanzia kizazi cha sita unatumia kigeuzi kilichobandikwa juu ya ubao, kwa hiyo usijipe matumaini makubwa kwa masafa ya juu.

Kama kadi yako ni mpya, tumia adapta ya DisplayPort kwenda VGA, siyo ya HDMI. Vigeuzi vingi vidogo vya HDMI vinaishia karibu na saa ya 1080p ya kawaida, na mode (seti ya vipimo vya picha) ya 173 MHz inakataliwa au inatoka na kelele za chengachenga. Zenye chipu ya Synaptics VMM2322 zinafahamika kwa wapenda CRT kwa kuvuka kiwango hicho bila wasiwasi.

---

kijana_wa_bendi · #7

Dada, ninayo kebo ya BNC tano ya mita 10, kompyuta haioni kitu. Windows inasema hakuna monita, nikilazimisha inanipa 1024×768 na ndugu zake tu.

---

DadaWaya · #8

Ni kawaida, mdogo wangu. Monita za VGA hujitambulisha kwa kompyuta kupitia waya mwembamba wa data. BNC tano hazina waya huo. Kompyuta inaongea na ukuta.

Windows: tumia programu ya CRU, bure. Ongeza maelezo yako ya monita, ndani yake weka mode kwa mkono, yaani zile namba alizoandika FundiSaketi. Futa mode nyingine zote ambazo hutumii, hasa za nafasi iliyobanwa, ili Windows isizirukie yenyewe mchezo au filamu inapofunguka. Anzisha upya draiva. Watu wa zamani walitumia PowerStrip ya EnTech kwa kazi hiyo. Kwenye Windows za leo CRU inatosha.

Linux: lazimisha tundu liwake kwa kuongeza `video=VGA-1:e` kwenye mstari wa kuwashia kernel, halafu:

`xrandr --newmode "sinema72" 89.77 1280 1344 1472 1664 720 723 728 750 -hsync +vsync`
`xrandr --addmode VGA-1 "sinema72"`
`xrandr --output VGA-1 --mode "sinema72"`

Draiva ya Nvidia isiyo huria mara nyingi inagoma kupokea newmode. Hapo mstari huohuo unauweka ndani ya xorg.conf kama Modeline.

Na kabla ya kubofya chochote, weka pembeni monita ya kawaida kwenye tundu la pili. Ukikosea namba, projekta itanyamaza au itatoa picha iliyovurugika, na utahitaji macho ya kurudi nyuma. Mode inayovuka kHz za mashine usiiache hata kwa dakika. Mashine nyingi zina kinga na hujifungia, lakini kinga hiyo ina umri sawa na kapasita zake.

---

FundiSaketi · #9

Hiyo mode ya 72 aliyoandika DadaWaya ndiyo sababu ya kuhangaika na kompyuta badala ya kuchomeka kicheza diski. Filamu nyingi ni fremu 24 kwa sekunde, kwenye diski kwa kweli 23.976. Kwenye 60 Hz, fremu moja inaonyeshwa mara mbili, inayofuata mara tatu, na kamera inapotembea taratibu unaona mrukoruko. Kwenye 71.93 Hz kila fremu inaonyeshwa mara tatu sawasawa. Mwendo unateleza.

Kwa nini si 48? Kwa sababu CRT inamweka mtazamaji gizani kati ya kila mchoro. Kwa 48 Hz kuta zinacheza kwa mwako, hasa sehemu nyeupe. Hata 50 Hz inachosha macho. Anzia 72.

Vipindi na DVD za fremu 25 vipeleke kwenye 75 Hz, mara tatu pia: 1664 × 750 × 75 ni 93.6 MHz, masafa ya mlalo 56.25 kHz.

Hapa kuna ujanja. Projekta inahifadhi jiometri na ulinganifu wa rangi kwa kila masafa. Mode mbili zenye kHz tofauti ni kazi mbili za kupanga, kila moja ya saa kadhaa. Kwa hiyo ongeza mistari mitupu kwenye mode ya 72 hadi jumla 781 badala ya 750:

`93.48 1280 1344 1472 1664 720 723 728 781 -hsync +vsync`

Sasa 781 × 71.93 ni 56.18 kHz, jirani kabisa na ile ya 75 Hz. Ukishapanga moja, nakili kumbukumbu yake kwenye nyingine, kitakachobaki ni kurekebisha kimo na sehemu chache za juu na chini. Muda wa kurudi umebaki mikrosekunde 4.1, haikuumi popote.

---

mdau_wa_giza · #10

Hilo la 781 sijaliona popote, mkuu. Na kwenye programu ya kuchezea?

---

FundiSaketi · #11

mpv: `--video-sync=display-resample --video-output-levels=full`. Ya kwanza inafuata saa ya kadi ya picha na kurekebisha sauti kidogo kidogo, ili usipate fremu moja iliyorudiwa kila baada ya sekunde kadhaa. Ya pili ni kwa sababu projekta ya analogi haina habari ya 16 hadi 235, viwango vya televisheni ambavyo nyeusi ni 16 na nyeupe ni 235. Nyeusi ni volti sifuri ya picha. Ukituma viwango vya televisheni, nyeusi inapanda kuwa kijivu, kisha mtu anashusha mwanga kwenye projekta ili kuficha, na kivuli chote cha chini kinapotea. Kosa ni la kompyuta, dawa imewekwa kwenye projekta.

Windows wengi wanatumia MPC-HC na madVR. Ni nzuri, ila inataka kadi yenye nguvu.

---

mama_skrini · #12

Samahani kuingilia kwa jambo dogo. Skrini gani? Ninayo moja ya kung'aa, gaini (nguvu ya kurudisha mwanga) 2.5, muuzaji amesema CRT ina mwanga mdogo kwa hiyo inahitaji.

---

DadaWaya · #13

Hapana, mama. CRT ina lenzi tatu zilizopangwa upande kwa upande, kila rangi inafika kwenye skrini kwa pembe yake. Skrini ya gaini kubwa hurudisha mwanga kwa pembe ileile uliyofikia, kwa hiyo aliyekaa kushoto anaona wekundu umezidi na aliyekaa kulia anaona ubluu, au kinyume chake kutegemea mpangilio wa tyubu. Hakuna mpangilio wa menyu utakaoponya hilo. Chukua nyeupe isiyong'aa, gaini 1.0 hadi 1.3, upana wa mita 2 hadi 2.4 kwa tyubu za inchi 7 na 8. Mwanga wa skrini nyeupe nzima ni kama lumeni 200 na ushee, hivyo chumba kiwe giza kweli, na dari jirani na skrini lisiwe jeupe.

---

FundiSaketi · #14

Sasa mpangilio wenyewe. Fuata utaratibu huu usiruke, kwa sababu kila hatua inaharibu zinazofuata.

Kwanza washa, weka picha ya mwanga wa wastani, subiri dakika 30 hadi saa moja. Rangi husogea tyubu zikipata moto. Anayepanga mashine ya baridi atapanga tena kesho yake.

Mahali. Umbali kutoka skrini unatoka kwenye jedwali la kitabu kwa upana wa skrini yako, usikisie. Mstari wa katikati wa tyubu ya kijani uelekee katikati ya skrini kwa mlalo. Mashine ndogo ni makumi ya kilo, Sony G90 inavuka 100, kwa hiyo ukiinua darini, boliti zishike mbao au zege, si jipsamu.

Rasta kwenye tyubu. Funga kijani na nyekundu, angalia ndani ya lenzi ya bluu ukiwa umepunguza sana mwanga, kisha zungukia nyingine. Rasta iwe katikati ya uso wa tyubu, na ubaki ukanda mwembamba usiowaka kila upande. Ikiwa ndogo mno, nguvu yote inakusanyika eneo dogo na fosfori inachoka mapema. Ikigusa ukingo, kona zinaharibika.

Fokasi ya lenzi. Lenzi nyingi zina nati mbili za mabawa: moja ya katikati, nyingine ya kona. Anza na katikati, nenda kona, rudi katikati. Kama kona ya kushoto ikikaa vizuri ya kulia inafifia, tatizo si nati. Ni pembe ya lenzi dhidi ya tyubu. Legeza boliti za mkono wa lenzi, uinamishe milimita moja au mbili upande unaofifia, kaza, jaribu tena.

Fokasi ya umeme na doa. Weka picha ya nukta. Chezesha fokasi nje ya mahali pake: nukta inapaswa kupanuka kama duara, pande zote sawa. Ikipanuka kama yai au pembetatu, sumaku za pete za shingo ya tyubu zinahitaji kurekebishwa. Hapa mtu asiyejua akae mbali. Tutarudi kwenye usalama.

Jiometri, kijani peke yake. Picha ya miraba. Uzi wa pamba uliofungwa kutoka ukingo hadi ukingo wa skrini ni rula nzuri kuliko jicho. Mwinamo kwanza, kisha kupinda kwa mstari wa katikati, kisha umbo la jiwe la tao (upande mmoja mpana kuliko wa pili), kisha kubonyea kwa pande, mwisho usawa wa miraba na ukubwa. Usianze rangi nyingine hadi kijani kimekaa.

Kulinganisha rangi. Washa nyekundu juu ya kijani. Mstari uliokaa ni wa manjano safi, bila ukingo. Anza katikati kabisa, kisha maeneo makubwa, kisha pointi ndogo ndogo za kona. Maliza nyekundu yote, uizime, washa bluu juu ya kijani, utafute samawati. Bluu huwa pana na hafifu, kwa hiyo usijaribu kuilinganisha na rangi mbili kwa pamoja; macho yatakudanganya. Mwisho washa zote tatu: miraba myeupe.

Kosa la kila mtu hapa ni kutumia pointi ndogo ndogo kufidia kosa kubwa la jiometri. Pointi zikifika mwisho wa kipimo, mstari unaanza kuwa na vinundu kama shanga. Ukiona vinundu, zirudishe zote sifuri uanze na vidhibiti vikubwa.

---

kijana_wa_bendi · #15

Bluu yangu haikai fokasi kabisa, hata katikati. Nyingine kali kama wembe.

---

FundiSaketi · #16

Kwa kiasi fulani hiyo ni makusudi. Fosfori ya bluu huchoka kwa nguvu kubwa: ukiongeza mkondo, mwanga hauongezeki kwa kiwango hichohicho. Mafundi huilegeza fokasi ya umeme ya bluu kidogo ili nguvu isambae na nyeupe isigeuke manjano kwenye sehemu angavu. Ulegeze kidogo tu. Jicho halioni undani wa bluu.

Ikiwa imefifia kama ukungu, zima, chomoa, mulika tochi ndani ya lenzi. Kati ya tyubu na lenzi kuna kimiminika cha kupoza, mchanganyiko wa glaikoli na glisarini. Kikipata ukungu au kikibadilika rangi, picha inakuwa na mwanga unaotanda kuzunguka kila kitu cheupe. Kubadilisha kunawezekana, lakini usijaze maji: kimiminika hicho ni sehemu ya njia ya mwanga, kupinda kwake mwanga kunaingia kwenye hesabu ya lenzi. Pia glaikoli ni sumu na ina utamu, iwekwe mbali na watoto na wanyama.

---

DadaWaya · #17

Usalama, mkuu. Umeahidi.

---

FundiSaketi · #18

Anodi ya tyubu (sehemu yake ya umeme mkubwa) inabeba volti elfu 30 na zaidi, na tyubu ni kapasita: inashika chaji baada ya kuchomoa. Anayegusa ndani bila kujua kuitoa chaji hiyo hastahili kufungua kifuniko, aite fundi wa televisheni za zamani. Usiwashe mashine bila vioo na vifuniko vyake. Ni kinga ya eksirei pia. Marekebisho ya sumaku za shingo yanafanywa mashine ikiwa inawaka, mkono mmoja nyuma ya mgongo, bisibisi ya plastiki. Kwa kazi zote za menyu huhitaji kufungua kitu.

Wa mwambao wakumbuke unyevu na chumvi. Vumbi lenye unyevu juu ya kofia ya anodi linavujisha chaji. Utasikia mchirizo kama wa mafuta ya kukaangia na picha inavimba na kusinyaa. Zima mara moja. Mashine iliyokaa miezi bila kuwashwa ndiyo iliyo hatarini zaidi.

---

mdau_wa_giza · #19

Kuna jambo lingine. Picha yangu inatikisika kama inapumua haraka haraka, ncha za pembeni zinacheza milimita moja. 60 Hz. Kwenye 50 Hz inatulia, ila kuna wimbi linapanda polepole.

---

DadaWaya · #20

Umeme wetu ni 50 Hz, picha yako ni 60. Tofauti ni 10, kwa hiyo mtikisiko wa mara 10 kwa sekunde. Ukiweka 50, tofauti inakuwa karibu na sifuri na wimbi linatambaa. Maana yake kuna umeme wa ukutani unaingia kwenye picha.

Kagua kwa mpangilio huu: kompyuta, projekta na amplifaya vyote kwenye tundu moja lenye ethi nzuri. Chomoa kebo ya antena au kisimbuzi. Mara nyingi ethi ya pili inaingilia hapo. Sogeza transfoma ya stabilaiza na spika kubwa ya besi mbali na projekta, walau mita moja na nusu, maana usumaku wao unavuta doa moja kwa moja. Vyote vikishindikana, ni kapasita za ugavi wa umeme ndani ya projekta. Usikate waya wa ethi. Watu wanashauri hivyo na mtikisiko unaisha kweli, lakini bodi ya chuma inabaki bila ulinzi.

Stabilaiza iwe na nafasi: mashine hizi zinakula wati mia kadhaa. Umeme ukikatika ghafla, projekta ya CRT haina taa ya kupoza, kwa hiyo ya kuogopa ni ule mpigo wa kurudi. Izime kwenye swichi hadi umeme utulie.

---

mama_skrini · #21

Na alama kwenye tyubu? Nimesikia inachomeka na kubaki.

---

FundiSaketi · #22

Fosfori inachakaa pale inapowaka, ndiyo maana kompyuta ni hatari kuliko kicheza diski. Upau wa kazi wa Windows ukikaa chini ya skrini kwa miezi, utauona hata ndani ya filamu. Fanya hivi: mandhari ya mezani nyeusi kabisa, upau wa kazi ujifiche, aikoni zote zitoke, kitunza skrini cha Kodi (programu ya kuchezea filamu) kiwe cheusi baada ya dakika 2, mpv `--osd-level=0`. Kompyuta ipelekwe kwenye monita ndogo wakati wa kuvinjari na kupanga mafaili. Projekta iwake filamu inapoanza. Chaneli za habari zenye nembo ya kona ziangalie kwenye televisheni.

Mistari myeusi ya filamu pana haichomi, lakini fosfori iliyo chini yake inabaki mpya ilhali ya katikati inazeeka. Changanya na vitu vya 16:9. Kontrasti isizidi kiasi: ikipita, doa linanenepa na fokasi inapotea hata kabla ya kuchakaa.

Ukinunua mtumba, washa nyeupe kamili ya rangi moja moja. Mstatili uliofifia katikati, au mistari ya menyu ya ofisi iliyochongwa, ni bei ya kushushwa. Kijani ndicho cha kukagua kwa makini kuliko vyote, kwa sababu kinabeba sehemu kubwa ya ukali wa picha.

---

kijana_wa_bendi · #23

Kicheza Blu-ray changu kinatoa picha ya ovyo kwa kebo za komponenti (za analogi). Kompyuta pia programu moja inakataa kabisa diski.

---

DadaWaya · #24

Ni sheria za kufuli za Blu-ray. Vichezaji vilivyotengenezwa kuanzia 2011 vinashusha analogi hadi ubora wa DVD, na kuanzia 2014 analogi ikatakiwa kutoweka. Programu zenye leseni zinafuata mkondo uleule. Kwa mafaili yasiyo na kufuli hakuna tatizo. Kwa kichezaji, watu wanatumia kigeuzi kama HDFury, au kadi ya Moome inayoingia ndani ya projekta na kupokea HDMI moja kwa moja. Kumbuka tu kwamba kichezaji kitakuletea 1080p yenye mikrosekunde 1.89, na hutaweza kuibadilisha. Kama mashine yako inakunja, kipeleke 1080i au 720p.

---

mdau_wa_giza · #25

Nimeweka 720 ya 781, nimehamisha kumbukumbu, nimerekebisha kimo. Mstari wa juu kabisa, kama pikseli tano, umepinda kwenda kulia kama bendera.

---

FundiSaketi · #26

Sinki ya wima. Kompyuta inatuma +vsync na saketi ya mlalo inayumba inapopokea mpigo huo. Jaribu `-hsync -vsync`. Baadhi ya mashine zitaihesabu kama chanzo kipya na kukupa kumbukumbu tupu, kwa hiyo nakili tena. Kama bado, ongeza nafasi tupu ya nyuma ya wima: mistari 53 unayo baada ya sinki, sogeza sinki iwe mapema, 720 721 726 781, ili saketi ipate muda wa kutulia kabla mstari wa kwanza haujachorwa.

---

mdau_wa_giza · #27

-hsync -vsync imenyoosha. Kumbukumbu ilitoka tupu kama ulivyosema.